Waliomaliza Miti

Basi dogo la Kasulu lilipoipita Busunzu, Mwalimu Asmahani alikuwa bado akisikiliza mabishano ya abiria wawili wa kiti cha mbele.

"Mama, usipande maharage wiki hii," alisema Shamsi, mwenye duka la mbegu. "Wataalamu wanasema mvua itachelewa. Dunia imepata joto."

"Muuza mbegu anayekataza watu kupanda!" Maximilla, mkulima wa Kabanga, alicheka kidogo, kisha akaukumbatia mfuko wake. "Tulipokimbia Burundi, mvua ikikosekana tuliambiwa sisi wakimbizi ndio tuliomaliza miti. Leo nimepata uraia, kosa limekuwa la moshi wa viwanda vya Ulaya. Niamini lipi?"

"Yale yalikuwa maneno ya siasa, mama. Haya ni ya sayansi."

"Yote yametoka kwenye kipaza sauti kilekile, baba. Na mbegu zangu ni hizi tu. Zikifia ardhini, watoto watakula nini?"



Gari liliposimama Kabanga, Maximilla alishuka na mfuko wake, akapiga hatua chache, kisha akarudi dirishani.

"Hao wataalamu wako," aliuliza taratibu, "wamesema itachelewa mpaka lini?"