Bi Matone na Chupa Niliyoibeba Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Matone anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya damu ya hospitali yetu. Tangazo lilipobandikwa, sisi wasukuma machela tulibaki midomo wazi. Tulidhani mama huyu alijengwa pamoja na ukuta.

Alianza kwa kuosha vioo vya vipimo, akapelekwa masomoni, akarudi mtaalamu. Jina la Matone tulimpa sisi, maana hakuna tone alilolitupa kabla ya kulitazama mara mbili. Mashine ikimwambia damu ina kasoro, huisikiliza kwa heshima, kisha huinamia darubini. Damu ikiwa imeganda chupani, washtakiwa wake wa kwanza ni sisi wabebaji: "Nyie mnaniletea damu au uji?"

Ninalosimulia sasa lilinikuta mwenyewe.

Mwaka juzi koo liliniuma sana. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, likapoa, nikaendelea na kazi. Wiki mbili hivi baadaye niliamka uso umevimba, viatu haviingii, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Daktari wa figo akasema bakteria wa kooni wameondoka, lakini wameacha ugomvi ndani ya figo. Alitaka kesho yake anichome sindano ya figo, achukue kinyama akichunguze. Kwanza akaagiza kipimo cha damu. Muuguzi alipomaliza kuitoa, mbebaji mwingine hakuwepo. Nikaichukua chupa nikaipeleka mwenyewe, kwa mazoea tu.

Bi Matone aliiweka mashineni, mara akashika mdomo. Chembe sahani, zile ndogo zinazoziba jeraha damu isivuje, zilikuwa chache kupita kiasi. Akanikata jicho, "Umeichelewesha wapi hii?", akainamia darubini atafute mabonge, maana damu ikiganda mashine huhesabu pungufu. Hakuona hata moja. Chembe zilikuwa chache kweli, na zilizokuwepo zilikuwa kubwa kubwa, changa, kana kwamba mwili unazitengeneza mbiombio huku figo zilizovimba zikizimaliza.

"Kimbia wodini! Mwenye damu hii asiguswe na sindano, atavuja! Yuko kitanda gani?"

"Ni mimi, mama."

"Acha utani, mtu anakufa huko!"

"Mama, ni yangu."

Alinitazama usoni, akauona uvimbe. Kiti chake cha darubini, ambacho hata mganga mkuu hakuthubutu kukikalia, alinikalisha hapo. Akampigia daktari, naye akaja mbio na kuiahirisha sindano. Siku hiyo nilisukumwa juu ya machela yangu mwenyewe.

Nikalazwa. Bi Matone akawa anapanda wodini mwenyewe kufuata damu yangu, akishuka nayo kama aliyebeba yai. Chembe zikaongezeka taratibu, mkojo ukasafika, figo zikatulia bila kuchomwa.

Nyumbani nilikuwa nimeficha. Kwetu ni mbali, nikaona nisiwatie hofu. Bi Matone alipogundua alinigombeza, akachukua simu yangu akampigia mke wangu: "Mkwe, mumeo alitaka kufa kimyakimya, nimemkatalia." Nikasikia kilio, halafu kicheko, halafu wanawake wawili wakanisema mpaka simu ikaisha chaji, nami nimelala palepale nikisikiliza.

Bi Matone, kwa niaba ya wodi, maabara na sisi wa magurudumu, asante kwa macho yako. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na haraka. Na mke wangu ameniagiza hivi: likizo ijayo nikifika bila wewe, nisigonge mlango.