Wota Sheimu

Pantoni ilipoiacha ng'ambo ya Lupiro, mzee Dionisi alimwaga ya moyoni kwa Haidari, abiria mwenzake aliyewahi kuwapikia Wazungu. "Nilimweleza Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba mke wangu alifia kwenye machela kwa kukosa gari. Akasema, 'Wota sheimu.' Mkalimani akaniambia, 'Anasema aibu iliyoje!' Mwaka mzima najiona mimi ndiye niliyemuua."

Haidari akatikisa kichwa. "Hapana, mzee wangu. Hiyo ni pole yao. Hata mkate ukiungua husema vivyo hivyo."

Dionisi akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga. "Kumbe alinipa pole!" Kisha akakunja uso. "Wakubwa hawa! Pole ya mke na ya mkate ni moja?"

"Lugha yao fukara, mzee."

Dionisi akaangua kicheko, na pantoni ikagonga ukingo.