Mwaka Mzima wa Jua wa Mwalimu Kakule Malachie

Wazazi, ndugu na majirani, ninyi muliotoka hapa karibu kwa miguu, na ninyi muliopanda piki-piki kutoka Beni, Lubero na Luofu, familia inawaomba mutusikilize kidogo, tuwaeleze maisha ya Mwalimu Kakule Malachie, namna mama yake, Mama Agar, anavyoyakumbuka, tangu siku alipomzaa mpaka juzi.

Marehemu alizaliwa Luofu, tarehe 14 mwezi wa tatu, mwaka 1961, kijana wa ine wa marehemu Papa Kamate na Mama Agar, alizaliwa wakati wa kupalilia maharagi, na mama yake anasema mtoto yule alitambaa mbele ya kujua kukaa. Alipokuwa na miaka mitatu, Mama Agar alikuwa anamwekea chakula na kumwambia, "Ikala kwanza, ule," naye anajibu, "Naikala, mama," na mguu mmoja uko tayari inje, basi maneno hayo walijibizana miaka yote, na mama hakumbuki hata siku moja sahani iliyoisha akiwa bado amekaa.

Alisoma shule ya msingi Luofu, toka 1967 mpaka 1973, kisha humanités, yaani sekondari, hapa Butembo, akapata diplôme d'État mwaka 1979, akaenda Bukavu miaka mitatu kujifunza fizikia, akarudi mwaka 1982 akawa mwalimu Beni. Huko Beni alimwona Hulda, mwimbaji wa kwaya, wakafunga ndoa tarehe 20 mwezi wa saba, 1985, na Mungu akawapa watoto watano, kuanzia Gracieuse, aliyezaliwa 1986, mpaka Ariel, aliyezaliwa 1994. Mwaka 1989 walihamia Butembo pamoja na Mama Agar, akafundisha katika shule moja ya sekondari ya mtaa wetu wa Kimemi, na wengi kati yenu muliopanga mistari pale nyuma mulipita mikononi mwake.

Mwaka 1995 kituo kimoja cha afya upande wa Lubero kilitupa panneau ya jua, bamba la kutoa umeme, iliyopasuka pembe, yeye akaiomba, akaileta imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa, na tarehe 16 mwezi wa kumi akaiweka katika kiwanja cha shule, akaiunga na taa ya gari, taa ikawaka mchana mweupe. Akauliza wanafunzi wa mwaka wa tano, panneau ngapi zingetosha kuwasha inchi yote, nyumba, hospitali na mashini za kusaga, na Sikuli, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akapaza sauti, "Mwalimu, si tuko na umeme ya barrage ya Inga?" naye akamjibu, "Weye Sikuli, Inga ilikupikiaka chai siku gani?" wakacheka, kisha wakahesabu juma nzima.

Jibu lilipotoka, alikimbia nyumbani bila kofia, akamkuta mama yake anageuza muhogo kwenye kirago, akasema, "Mama, panneau zikitandikwa pa ukubwa wa Kimemi tu, zinatosha inchi muzima!" Mama Agar hakusoma hata siku moja, lakini alimuuliza, "Jua uliihesabu saa ngapi?" akajibu, "Saa kumi na mbili, toka asubuhi mupaka mangaribi." Mama akaokota kipande cha muhogo, akakipinda, kikapinda kama ngozi, akamwambia, "Hii iko na siku ine hapa. Jua yako ni ile ya Yoshua, ile ilisimama. Hii ya kwetu inapita na mawingu."

Mwalimu mwingine angekasirika, lakini yeye kesho yake alisimama mbele ya wanafunzi, akafuta ubao, akasema, "Jana nilibadanganya. Mama yangu amenisahihisha, Kimemi moja imekuwa Kimemi tatu." Tangu siku ile akawafundisha kupima jua kwa muhogo, vipande vya unene wa vidole viwili, vinaanikwa mpaka vivunjike na kulia ka, unaandika tarehe, siku na mawingu. Lakini alitaka mwaka mzima usio na tundu, kwa kuwa mawingu ya mwezi wa kumi si ya mwezi wa saba, akawaambia, "Siku moja mukubwa wa inchi atatuuliza, na ile miezi hamukupima je? Tutajibu nini?" Ndugu zetu, kitu hicho ndicho kilichomnyima usingizi mpaka kufa kwake.

Alianza mwezi wa kwanza 1996, akafika mwezi wa kumi na moja, vita ikaingia, tukakimbilia Luofu, daftari akalizika shambani pamoja na masufuria, na tuliporudi masufuria yalikuwa mazima, daftari lilikuwa limeliwa na mchwa. Alianza tena mwezi wa kwanza 1998, na mwezi wa tisa, vita ya pili ikiwa imeshafika, alipanda gari kwenda Beni kulinganisha jua la joto na hili letu la baridi, akashikwa kwenye kizuizi njiani. Askari alifungua daftari, akauliza, "Oyo nini?" naye akajibu, "Ni muhogo, chef," askari akasema, "Tangu lini muhogo iko na tarehe? Hii ni hesabu ya majeshi." Wakamtia katika cachot ya Beni siku kumi na moja.

Mama Agar alipopata habari hakungoja mtu, alijaza kikapu, akapanda juu ya camion ya viazi mpaka Beni, akaingia katika bureau ya komanda, na komanda akafikiri ni muuzaji, akasema, "Koko, bibi yangu, fungu ni ngapi?" Mama akaweka kipande cha muhogo juu ya meza, akakivunja, kikalia ka, akasema, "Hii siku ine." Akatoa kingine, kikapinda, akasema, "Hii siku mbili. Njo siri yote ya mutoto yangu, mumufunge na kikapu." Komanda akacheka mpaka akajifuta macho, akamfungua mwalimu, lakini daftari halikurudi, askari walikuwa wameshasokotea tumbaku kurasa za miezi minane.

Alikonda, alitembea usiku na mchana katika mawazo yake, akafundisha, akakimbia, akarudi, mpaka tarehe moja mwezi wa sita, 2002, alipoanza mara ya tatu, na mara hii alimwambia mama yake, "Pima weye. Mukekulu, mama muzee, anaanika muhogo, ni askari gani atamuuliza kitu?" Basi Mama Agar akapima, kila kipande kikilia, anaita Gracieuse aandike, na huko Beni akapima Sikuli, ambaye leo naye ni mwalimu.

Mwezi wa kumi na moja miguu ya marehemu ilianza kuvimba, madaktari wakakuta mafigo yamechoka, wakamwamuru apumzike, naye akawaambia anapumzika, na infirmière, muuguzi wa hospitali, alimkuta mara nyingi dirishani akiuliza mawingu yametoka upande gani. Ijumaa, tarehe tisa mwezi huu, mama alimletea uji, akamwambia, "Ikala, unywe," akajibu, "Naikala, mama. Muhogo imelia?" Kesho yake, tarehe 10 mwezi wa tano, 2003, saa ine asubuhi, alituacha. Habari ilimkuta Mama Agar kwenye kirago, alimaliza kwanza kuanika, kisha akalia.

Tunashukuru madaktari na ma-infirmière waliomhangaikia, majirani wa Kimemi walioleta kuni, maji na viti, walimu wenzake, na wanafunzi waliombeba toka hospitali mpaka hapa.

Jambo la mwisho. Kwenye mlango muliona kirago cha muhogo, na wengine wameanza kunong'ona, namna gani watu wa kilio wanaanika chakula. Si chakula. Ule mwaka wake wa jua unaisha tarehe 31 ya mwezi huu, zimebaki siku makumi mbili, na hii ya leo ndani, tunaomba mupite pembeni, musiukanyage, na mtoto atakayesikia kipande kinalia amwite Gracieuse.

Mwalimu Kakule, mama yako anasema jua limetoka, yeye analiangalia. Ikala sasa.