Ovaroli Isifuliwe

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, maana sauti iliyobaki ni ndogo na sina ya kurudia.

Miaka ishirini na sita nimefungua breki za malori katika karakana ile. Ukivua gurudumu unakuta vumbi la kijivu, laini kama unga, nasi tulilipuliza kwa mpira wa upepo ili kazi iende haraka. Jioni tulijipanga tukapuliziana nguo kwa mpira uleule, kifuani na mgongoni, huku tukitaniana, eti tusirudi wachafu kwa wake zetu. Usafi gani ule! Aliyetufundisha ni msimamizi, na mwenyewe alisubiri nje mpaka vumbi litulie. Walijua! Maboksi ya breki yaliandikwa onyo la asbesto, vumbi linaloua mapafu, na bosi akaamuru yachomwe kabla hatujaingia kazini. Nina hasira, wanangu, hata dua hainitoki, na asiniambie mtu nitulie.

Mama yenu hakuwahi kukanyaga karakana. Alizikung'uta ovaroli zangu uani, akazifua kwa mikono, akatangulia kufa kwa kikohozi hikihiki, nasi tukausingizia moshi wa jiko. Mimi ndiye niliyemletea. Mimi, mumewe.

Sasa sikilizeni. Juzi bosi alimtuma karani wake na matunda na karatasi inayosema eti kinachoniua ni sigara, nikisaini atagharamia mazishi. Mimi, ambaye sijavuta hata ya kuomba! Nikamwambia aache matunda, karatasi arudi nayo. Nikifumba macho atakuja kwenu na uso wa msiba. Wewe, mwanangu wa kwanza, unakula kwake, katika karakana ileile, najua utaona haya. Ona haya, lakini usisaini. Na mpira ule usiushike tena, hata wakikufukuza.

Wakili ameshaandika maelezo yangu, nimeyatia saini. Anasema kesi haifi nami, mnaweza kuiendeleza, yangu na ya mama yenu, ila muda wa kuifungua una mwisho, kwa hiyo msingoje msiba upoe. Anataka shahidi. Mtafuteni Fundi Taratibu, ndiye pekee aliyebaki katika wale tuliopuliziana. Tumenuniana miaka tisa kwa ajili ya spana moja. Mpelekeeni spana hiyo, mwambieni ilikuwa yake.

Msinizike kabla daktari hajachukua kipande cha pafu langu. Ndugu watapiga kelele, waacheni wapige.

Juu ya kabati... nipeni maji... juu ya kabati iko ovaroli yangu ya mwisho, nimeifunga katika mifuko mitatu. Vumbi lao limo humo. Mpelekeeni wakili ilivyo.

Mungu awape vifua vizima, wanangu. Mzeeke, mcheke bila kukohoa. Ninyi nimewasamehe yote. Bosi sijamsamehe, na msimsamehe kwa niaba yangu.

Binti yangu... uko wapi, nishike. Una mikono ya mama yako, ukiona nguo chafu hutulii. Ile ya juu ya kabati... usiifungue, mama... usiifue.