Karavani ya Vuai na Mlima wa Taif

Kijiwe chetu kipo Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, ubavuni mwa duka la vipuri la Mazin. Benchi ni kiti cha nyuma cha basi bovu, na kahawa anaipika Mazin mwenyewe, chungu, ya tangawizi. Wiki ile hatukuzungumza mpira wala ikama, vibali vyetu vya kukaa. Tuliizungumza nyumba yenye magurudumu iliyoziba nusu ya njia mbele yetu: karavani ya vitanda sita, jiko na choo, ambayo bosi wake Vuai alimwazima aifunge nyuma ya pikapu yake.

Vuai, tunayemwita Kapteni, ni Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Jeddah. Mamake, Bi Amal, alibakiwa na dada mmoja tu, Bi Wafaa, naye anaumwa huko Riyadh. Mgongo wa Bi Amal haumruhusu kukaa kitako safari nzima, na ndege anaiogopa. Kwa karavani, kila akichoka watasimama, alale. Kilichotutia mashaka ni mlima wa Taif ulio njiani, barabara inapanda mpaka masikio yanaziba.

Zacharia, Mkenya, fundi wa lifti, hakuona tatizo. Alisoma kwenye simu kwamba pikapu ile huvuta tani nne, na karavani na vyombo vyake ilikuwa tatu.

— Vuai, wewe relax. Hiyo engine itavuta hata hii duka ya Mazin. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mazin akamwambia methali hiyo inamsema mtu asiyejali taabu ya mwenzake. Zacharia akajibu kuwa ndiyo hasa: mzigo ni wa karavani, pikapu haihusiki.

Hapo kila mtu akatoa elimu yake. Mazin alitaka wapande alfajiri, hewa ya baridi huipa injini pumzi. Vuai akaona bora tangi la maji lijazwe pomoni ili karavani itulie chini. Nami, nisipitwe, nikasema mlima upandwe kinyumenyume, kwa kuwa gia ya nyuma ndiyo yenye nguvu. Wakalifikiria hilo kwa heshima zote.

Badriya, mke wa Vuai, alikuwa amekuja kuchukua ufunguo. Hakai kijiweni kwetu, lakini siku hiyo alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

— Na sie mmetupima?

— Nyinyi nani? akauliza Vuai.

— Mie, mama, watoto wanne. Na wewe baba watoto, na tumbo hilo. Na jenereta uliyoipakia nyuma jana.

Mazin akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Zacharia akarudi kwenye simu yake, akasema kuvuta ni kitu kingine na kubeba ni kingine.

— Basi nionesheni anayetubeba, akasema Badriya.

Akaita watu wake, wakapanda wote kwenye pikapu, karavani imefungwa nyuma. Pikapu ikashuka matako, pua ikatazama dirisha la ghorofa ya pili. Vuai, kwa ubishi, akaiondoa polepole hadi kona. Alipoweka breki, karavani ikamsukuma, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Bi Amal akatoa kichwa dirishani.

— Vuai mwanangu, kitu hiki kinatuendesha sie.

Vuai akashuka, akakaa benchini. Alikwishamwambia khaloo yake, Bi Wafaa, kwamba wanakuja. Zacharia, sasa kwa sauti ya chini, akaeleza alichokipata: karavani huegemea ndoano ya pikapu kwa uzito wa watu wanne au watano. Ongeza saba waliomo na jenereta, mgongo wa pikapu umeshajaa kabla injini haijaulizwa kitu.

Kesho yake Vuai alikwenda kwa bosi na aibu yake. Bosi akacheka, akampa karavani ndogo ya vitanda viwili anayokwenda nayo jangwani. Watoto watatu na mizigo Badriya akampakilia Zacharia kwenye gari yake.

— Yalla, twende, shemeji. Uko likizo, na Riyadh hujaiona.

Zacharia hakuthubutu kukataa.

Mlima waliupanda taratibu nyuma ya malori, wakasimama mara kwa mara, Bi Amal akalala. Kule Riyadh, Bi Wafaa alitoka nje akimwegemea bintiye, akaingia karavanini, akagoma kurudi ndani ya nyumba. Dada wawili wakalala vitanda viwili, mlango wazi, mpaka maghrib.

Badriya akatutumia sauti zao kwa simu. Walikuwa wanagombana nani alivunja birika la mama yao utotoni. Mazin akasema bila shaka ni Bi Amal. Mimi nikasema Wafaa, sauti inamsuta. Jioni ile tulinuniana kabisa.