Mama Nábla na Daftari la Watoto Kumi na Tisa

Miaka thelathini na minne Mama Nábla Ní Dhuibhir amekalia meza ya karani wa shule yetu hapa pwani ya Donegal, Ireland, na Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, anaikabidhi. Tulie? Mwenyewe amekataza.

Walimu waliukwepa wasifu huu, kila mmoja na kisingizio chake, basi nimepewa mimi, dereva wa basi la shule, niliyefeli mitihani yote isipokuwa Kiairishi. Hicho nilimpita hata mtoto wa mwalimu mkuu. Muulizeni.

Alianza na taipureta isiyo na vile vialama vya juu ya herufi zetu. Alivichora kwa kalamu, barua baada ya barua. Ukimpigia simu kwa Kiingereza, anakujibu kwa Kiairishi, polepole, kwa adabu, mpaka ukumbuke ulichosomeshwa. Muuza mafuta wa mjini amejifunza kuhesabu lita kwa njia hiyo.

Lakini siku yake ni ile aliyokuja ofisa wa elimu kuhesabu watoto. Wakiwa chini ya kumi na tano, shule kufuli, watoto wapelekwe mjini wakasome kwa Kiingereza. Orodha yake ilikuwa imegeuza kila jina kuwa la Kiingereza. Akaita, "Francis McBride!" Mwenye jina hilo kwa Kiairishi, Proinsias Mac Giolla Bhríde, yuko mbele yake, anachonga penseli. Akamaliza orodha, hakuitika hata mmoja.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Si hao, bwana? Hujawaita bado."

"Nimewaita wote!"

"Uliowaita hawasomi hapa. Shika daftari langu."

Akasoma huku jasho likimtoka. "Siyo hivyo, bwana! Rudia!" watoto wakamwambia. Akarudia mpaka chai yake ikapoa. Kumi na tisa, wote wapo. Shule haikufungwa.

Mwezi uliopita wakubwa wa elimu walileta barua: hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza, eti kwa faida ya watoto. Kuijibu ndiyo imekuwa kazi ya mwisho ya Mama Nábla. Ukurasa mmoja, Kiairishi kitupu, bila tafsiri. Nimeupeleka posta mwenyewe, basi limejaa watoto wanaoshangilia.

Asante, Mama. Kachimbe viazi vyako, ule, ulale, afya ikukae. Na hao wakubwa, kama hawakuielewa barua, waje darasani. Viti vipo.