Siku Nilipovua Koti la Daktari

Bwana asifiwe sana! Ndugu zangu, mimi ni nesi.

Mnacheka. Yule mtume alikana mara tatu jogoo akawika. Mimi nililikana neno hilo mpaka majogoo wa kwetu Ihumwa wakachoka.

Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, mjomba wangu alichinja mbuzi kwa ajili ya "daktari wetu". Alama zangu hazikuwa na habari hizo. Nikapangiwa shahada ya uuguzi. Mjomba akauliza, "Digrii ya kubeba bedipani?" Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Tangu hapo kila aliyeniuliza kazi yangu nilimjibu, "Niko afya," kisha nikageuza maongezi.

Na kusoma nilisoma, tena vizuri! Tulifundishwa mambo ambayo zamani nesi alimwachia daktari, yeye akasimama pembeni: kumvuta mtoto aliyekwama njiani, kumwamsha aliyezaliwa kimya, kuingiza mkono na kutoa kondo la nyuma lililogoma kutoka. Nilifaulu yote huku nikidhani nasomea kazi ya watu wengine.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na mitumba ikamwagika nchini. Katika mafungu ya sokoni Dodoma nikaokota koti jeupe, refu, limedariziwa kifuani jina la Kizungu na mbele yake "Dr." Jina nililifumua kwa wembe. "Dr." nikaiacha. Nilijiambia uzi wake ni mgumu.

Nikapelekwa kuongoza wodi ya wazazi katika kituo cha afya kando ya reli, magharibi ya Dodoma, ukishaipita stesheni ya Zuzu. Wanakijiji wakaniita Daktari. Sikumsahihisha hata mmoja.

Ndugu zangu, sikilizeni. Mchana mmoja binti aitwaye Yudith alijifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuuza samaki. Tukashangilia. Kondo la nyuma halikutoka. Tukampa sindano ya kukaza kizazi, tukasubiri, halikutoka. Kisha damu ikaanza kuja, na haikuja kwa adabu. Mganga wa kituo alikuwa ameenda mjini kufuata dawa.

Mama yake Yudith, bibi mwembamba aliyekuwa amempakata mjukuu, akasema, "Daktari, damu hiyo. Fanya."

Nami, mwenye koti, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, mimi si daktari. Mimi ni nesi tu. Tumsubiri mganga."

Miaka yote nililikimbia neno lile, na siku ya hatari nikakimbilia kujificha ndani yake! Yule bibi akanitazama kuanzia viatuni.

"Asubuhi nimekusalimu Daktari, umeitikia. Damu imekuja, umekuwa nesi?"

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe baadaye. Nesi amesomea nini, huko alikosomea?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Nimesomea hii."

"Sasa unamsubiri nani?"

Nikavua koti, maana mikono yake mirefu ingeniharibia kazi, nikalitupa chini. Nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikavaa glavu ndefu. Mhudumu wetu, Mama Joyce, akaning'iniza dripu, akamshika Yudith mikono. Mkono wangu mmoja tumboni, juu ya kizazi, mwingine ndani. Nikautafuta ukingo wa kondo kwa ncha za vidole, nikaubandua polepole, kama nilivyofundishwa, nikimwita Yesu kwa sauti ambayo Yudith mwenyewe aliniambia niipunguze. Likatoka. Nikalitandaza, nikalikagua: zima! Nikahisi kizazi kikikaza chini ya kiganja changu. Haleluya! Hakuna aliyeshika mkono wangu isipokuwa Mungu na walimu wangu wa unesi.

Lakini binti alikuwa ameshapoteza damu nyingi, midomo imekuwa kama majivu. Alihitaji kuongezewa damu Dodoma, na gari la kituo lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Nikakimbia stesheni. Stesheni masta alikuwa anaruhusu treni ya mizigo iendayo Dodoma.

"Sista, hii haichukui abiria."

"Basi mwandike mzigo!"

"Mzigo unapimwa uzito, Sista."

"Watampima Dodoma!"

Akanitazama nilivyoloa damu, akarudisha ishara nyekundu. Yudith akalazwa kwenye behewa la mwisho, Mama Joyce ameshika dripu, bibi na kichanga nyuma yao. Mimi nilibaki, kwa sababu mama mwingine alikuwa ameshaanza uchungu. Huyo naye nilimzalisha salama, na aliponiita Daktari nikamwambia, "Ni nesi, mama. Nesi mkunga. Sukuma."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Nilikuwa nimefungwa na cheo nisichokuwa nacho, na Mungu akanitoa kwa kunirudishia kile alichonipa tangu mwanzo. Ninamshukuru! Nawe uliyeketi hapo, unayeitaja kazi yako ukitazama chini, mtumaini yeye aliyekuweka hapo. Hakukosea mlango.

Ila usiku ule sikulala kwa raha. Kizazi kilikaza mbele yangu. Je, kimekaza njia nzima? Damu imepatikana? Asubuhi stesheni masta alinipungia kofia kutoka mbali, nikakimbia kama mtoto. Simu ya reli ilikuwa inakwaruza. Alikuwa Mama Joyce, stesheni ya Dodoma.

"Sista! Ameongezewa damu. Daktari wa zamu amemkagua kizazi chote, anasema hakuna la kurudia."

"Yudith mwenyewe anasemaje?"

"Amegombana na jikoni. Anasema uji wao mwepesi, wampikie mwingine."